Alama za Kivinjari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huletwa zaidi na watu ambao wameshafuta vidakuzi, wameweka VPN (programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva nyingine), na bado wanaona wanatambuliwa kila wanakokwenda mtandaoni.

Nimefuta vidakuzi na historia yote. Mbona matangazo bado yananifuata?

Kidakuzi ni kijifaili ambacho tovuti huweka kwenye kifaa chako. Ukikifuta, kimekwenda. Alama za kivinjari, yaani sifa za kifaa na kivinjari chako zinazotumika kukutambua, haziwekwi popote kwako. Unapofungua ukurasa, kivinjari chenyewe hujibu maswali chungu nzima: kioo kina upana gani, saa za eneo ni zipi, unapendelea lugha ipi, chipu ya michoro ni ya aina gani. Jibu mojamoja halina uzito. Yakiunganishwa, mchanganyiko wake unaweza kuwa nadra kiasi cha kukutenga na wageni wengine wote wa tovuti hiyo. Kesho ukirudi bila kidakuzi hata kimoja, mchanganyiko ni uleule.

Ndiyo maana hutakuta kitufe cha kuzifuta. Kumbukumbu iko kwenye seva ya anayekufuatilia.

Hata hivyo, usikimbilie kuzilaumu alama. Kama kwenye kivinjari hichohicho umeingia kwenye akaunti ya Google au Facebook, jina lako wanalo tayari na hawana haja ya kukisia. Toka kwanza kwenye akaunti, kisha uone kama bado unafuatwa.

Ni vitu gani hasa vinavyosomwa?

Chukua simu ya kawaida ya Tecno yenye Chrome. Kabla ukurasa haujafunguka, tovuti imeshapokea anwani ya IP (namba ya muunganisho wako wa intaneti), lugha unayoipendelea, pamoja na jina na toleo la kivinjari. Kwenye eneo hili Google wamepunguza kidogo: tangu 2023, Chrome ya Android hujitambulisha kwa maneno “Android 10, K” hata kama simu yako ina Android mpya zaidi. Hiyo ni nafuu ya kweli. Lakini tovuti ikitaka modeli kamili ya simu inaweza kuiomba kwa njia nyingine, na Chrome huitoa bila kukuuliza.

Ukurasa ukishafunguka, msimbo wa JavaScript (programu ndogo inayokuja na ukurasa) huendelea na kazi. Huuliza upana na urefu wa kioo, idadi ya viini vya prosesa, makadirio ya RAM, jina la chipu ya michoro (kwa mfano Mali au Adreno), saa za eneo kama Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi, na kama kifaa kinaguswa kwa vidole. Kwenye kompyuta huongezeka orodha ya fonti, na hapo ndipo watu wengi hujianika bila kujua. Aliyeweka fonti za Kiarabu za kuchapia vitabu vya dini, au fonti za kazi ya matbaa, ana orodha ambayo si rahisi kuikuta kwa jirani.

Hata mipangilio ya macho huingia humo. Ukibadilisha ukubwa wa maonyesho kwenye Android ili herufi zisomeke vizuri, vipimo vya kioo vinavyoripotiwa kwa tovuti navyo hubadilika.

Nimesikia habari za “kanvasi”. Ni nini?

Ni ujanja ambao, nikisema ukweli, ni wa kusifiwa kama kazi ya kitaalamu. Tovuti huamuru kivinjari kichore maandishi na maumbo mahali ambapo huoni, kisha husoma pikseli za mchoro huo. Simu mbili zinaweza kupewa amri ileile zikatoa michoro ambayo kwa jicho haina tofauti, ila kwa hesabu inatofautiana, kwa sababu chipu, programu inayoiendesha, fonti na namna ya kulainisha kingo za herufi havifanani. Keaton Mowery na Hovav Shacham wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, ndio walioieleza njia hiyo mwaka 2012.

Haikukaa maabara muda mrefu. Mwaka 2014 watafiti wa vyuo vikuu vya Princeton na Leuven walikagua tovuti 100,000 maarufu na kuikuta kwenye zaidi ya 5% ya hizo. Sehemu kubwa kupita kiasi, takriban 95% ya matukio hayo, ilitoka kwa kampuni moja, AddThis, ambayo kazi yake iliyojulikana ilikuwa kuzipa tovuti vitufe vya kushiriki habari. Wenye tovuti waliweka vitufe, na wasomaji wakachorwa.

Sauti nayo hutumika. Kivinjari huambiwa kitengeneze mlio usiosikika, na matokeo ya hesabu yake husomwa. Maikrofoni haiguswi, hivyo ruhusa haiombwi. Kuna wakati hata kiwango cha chaji ya betri kilikuwa kinasomeka na tovuti yoyote. Firefox waliiondolea tovuti njia hiyo kwenye toleo la 52, mwaka 2017.

Je, kweli vinatosha kunitambua mimi peke yangu?

Inategemea unauliza utafiti upi, na hapa ndipo makala nyingi za kutisha watu hukosa uaminifu.

Namba inayonukuliwa zaidi ni ya Peter Eckersley wa EFF, shirika la Marekani linalotetea haki za mtandaoni. Mwaka 2010 alikusanya alama za vivinjari 470,161 kupitia tovuti ya Panopticlick, na 83.6% zilikuwa za kipekee. Kwa vivinjari vilivyokuwa na programu za nyongeza za Flash au Java, kiwango kilipanda hadi 94.2%. Lakini waliotembelea ile tovuti walikuwa watu wanaojali faragha na kuchezea mipangilio ya kompyuta zao. Mwaka 2018 watafiti wa Ufaransa walifanya hesabu kama hiyo kwa wasomaji wa tovuti moja ya kawaida yenye watu wengi, wakapata alama zaidi ya milioni 2. Safari hii za kipekee zilikuwa 33.6% tu, na kwa simu 18.5%.

Mimi naiamini zaidi hii ya pili kwa maisha ya mtu wa kawaida. Ila usipumue haraka. Mfuatiliaji hahitaji uwe wa kipekee duniani. Kwa hesabu ya biti, ambapo kila biti hugawa kundi katikati, kumtenga mtu mmoja kati ya watu bilioni 8 kunahitaji biti kama 33. Alama za wale wa EFF zilibeba takriban 18 kwa makadirio ya chini, yaani mtu mmoja kati ya watu 286,777. Ongeza anwani ya IP, mji uliopo na saa unazopenda kuingia, na duara linabana. Kampuni zetu za simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya IP kwa wakati mmoja, kwa hiyo IP peke yake huwa haimtoshi mfuatiliaji huku kwetu. Alama ndizo zinazomsaidia kuwachambua wale waliomo ndani ya anwani hiyo moja.

Na zikibadilika? Hubadilika, kivinjari kikisasishwa kwa mfano. Lakini hubadilika kidogokidogo. Utafiti mwingine wa Ufaransa wa mwaka 2018 uliweza kuunganisha alama za zamani na mpya za kivinjari kilekile kwa wastani wa siku 54 hivi, na baadhi kwa zaidi ya siku 100.

Natumia simu, si kompyuta. Niko salama zaidi?

Kwa alama za kivinjari, kiasi fulani ndiyo. Simu za modeli moja hutoka kiwandani na fonti zilezile na chipu ileile, na wenye simu hawaweki viendelezi (vijiprogramu vya kuongezwa kwenye kivinjari) vingi. Mwenye iPhone anafanana na wenye iPhone ya modeli hiyohiyo kuliko mwenye kompyuta ya mezani anavyofanana na yeyote.

Tatizo la simu liko kwingine: programu. TikTok, programu za mikopo, michezo, zote zinaweza kusoma kitambulisho cha matangazo cha Android, na hicho ni namba kamili isiyohitaji kukisiwa. Kukishughulikia kivinjari ukaiacha namba hiyo ni kazi ya bure. Fungua mipangilio ya simu, sehemu ya Google, kisha Matangazo, ufute kitambulisho hicho. Android 12 na zinazofuata zinaruhusu. Kwenye iPhone, zima ruhusa ya programu kuomba kukufuatilia. Hii ni dakika moja, na kwa wengi ina faida kubwa kuliko yote yanayofuata hapa chini.

Hali fiche ya Chrome inasaidia?

Dhidi ya alama, kwa sehemu kubwa hapana. Inamzuia mtu mwingine anayeshika simu yako asione ulikopita, na vidakuzi hufutwa ukifunga. Kioo, chipu na saa za eneo ni vilevile. Safari ni tofauti: tangu iOS 17, ya mwaka 2023, hali yake ya faragha huvuruga kwa makusudi baadhi ya majibu, na kwenye mipangilio ya juu ya Safari unaweza kuiagiza ifanye hivyo wakati wote.

Na VPN?

VPN hubadilisha anwani ya IP. Kwenye alama haigusi chochote, na wakati mwingine huharibu. Ukijitokeza na IP ya Amsterdam huku kivinjari kikisema saa ni za Africa/Dar_es_Salaam na lugha ni Kiswahili, umejitia kwenye kundi dogo kuliko lile ulilokuwamo ukiwa na IP ya Tanzania.

Haimaanishi VPN haina kazi. Kwenye Wi-Fi ya hoteli au uwanja wa ndege inafaa, na anayehitaji kufika tovuti iliyofungwa hana njia nyingi. Ila za bure zinahitaji kuangaliwa kwa jicho kali: mwenye seva anaona unakokwenda, na gharama za seva zinalipwa na mtu. Aliyeko Tanzania ajue pia kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN watoe taarifa zao kwa mamlaka hiyo.

Nikiweka kiendelezi kinachodanganya kwamba natumia iPhone?

Usifanye hivyo. Hili ndilo kosa ambalo watu wenye bidii hulifanya kuliko wavivu. Kivinjari kitajiita Safari ya iPhone, halafu tovuti itauliza chipu ya michoro na kujibiwa Intel, itauliza kama kioo kinaguswa na kujibiwa hapana. Umekuwa iPhone pekee duniani ya aina hiyo. Viendelezi vyenyewe pia huweza kugundulika, kwa sababu baadhi yao huacha faili ambazo ukurasa unaweza kuzipima kama zipo.

Ukiongeza viendelezi vitano vya faragha, umeongeza vitu vitano vya kukutofautisha. Kimoja ninachokiruhusu ni uBlock Origin kwenye Firefox, kompyuta na Android pia, kwa sababu huzuia misimbo mingi ya ufuatiliaji isipakuliwe kabisa. Msimbo ambao haukufika hausomi kitu. Na bando linapumua.

Basi nitumie kivinjari gani?

Kuna njia mbili za kupambana na alama, na vivinjari vimegawanyika kufuatana nazo.

Ya kwanza ni kufananisha watu wote, kama wanafunzi waliovaa sare. Bingwa wake ni Tor Browser, kivinjari kinachopitisha mawasiliano kwenye mtandao wa seva kadhaa uitwao Tor ili kuficha ulipo. Saa za eneo kwa kila mtumiaji ni za UTC (saa za kimataifa), fonti zimewekewa mipaka, kanvasi haisomeki bila ruhusa, na dirisha hufunguliwa kwa vipimo vilivyokadiriwa. Ukilipanua, utaona kingo tupu kuzunguka ukurasa. Hilo si hitilafu, ni kuzuia ukubwa halisi wa kioo chako usijulikane. Mullvad Browser, iliyotoka Aprili 2023 kwa ushirikiano na Tor Project, ina ulinzi huohuo bila mtandao wa Tor, lakini ni ya kompyuta tu. Ulinzi huu hudumu mradi usiongeze mapambo yako: hakuna kiendelezi, hakuna fonti, hakuna kubadilisha mipangilio ovyo.

Ya pili ni kuvuruga. Brave huchanganya kelele ndogo kwenye majibu ya kanvasi na sauti, na kelele hiyo ni tofauti kwa kila tovuti na kila unapofungua kivinjari upya. Mfuatiliaji anapata alama, ila ya leo hailingani na ya kesho. Kwa simu ya Android, mtu asiyetaka kuhangaika nimwelekeze huku: unapakua, unatumia, hakuna cha kurekebisha.

Firefox iko katikati. Tangu toleo la 72, Januari 2020, huzuia kampuni zinazojulikana kwa kuchukua alama. Ukichagua ulinzi wa kiwango kikali kwenye mipangilio, huongeza mengine. Kuna pia swichi iliyofichwa kwenye about:config, ukurasa wa mipangilio ya ndani, privacy.resistFingerprinting, iliyotokana na kazi ya Tor. Inafanya kazi, lakini saa kwenye barua pepe zitaanza kukaa kombo na baadhi ya ramani na picha zitaharibika. Nimeona watu wakiiwasha, wakisahau, kisha wakimtafuta fundi.

Chrome ndiyo yenye wengi, na kuwa kwenye wengi kuna faida yake. Lakini ni kivinjari cha kampuni ya matangazo, na ulinzi wake dhidi ya alama ni mdogo. Siipendekezi kwa jambo hili.

Opera Mini ni kesi ya pekee. Ikiwa kwenye hali ya kubana data kupita kiasi, ukurasa hupikwa kwenye seva za Opera na simu yako hupokea tu matokeo, kwa hiyo tovuti inaona kidogo sana kuhusu kifaa chako. Opera wenyewe ndio wanaoona kila kitu. Amua unamwamini nani.

Nikizima JavaScript kabisa?

Sehemu kubwa ya alama huisha. Tovuti nazo huisha: malipo, video, fomu za serikali. Tor Browser ina kiwango cha juu cha usalama kinachofanya hivyo, na kinawafaa wenye sababu nzito.

Kivinjari changu kiko kwa Kiswahili. Inaniponza?

Kidogo, na inategemea ulipo. Kiswahili pamoja na saa za Nairobi au Dar es Salaam kina wenzake wengi. Kiswahili pamoja na saa za Asia/Muscat au Europe/Oslo ni mchanganyiko wa wachache, na Waswahili wa ughaibuni wanapaswa kulijua hilo. Anayetaka kupunguza anaweza kukiacha Kiswahili kwenye menyu na kuomba kurasa kwa Kiingereza. Kwa upande wangu naona gharama ya kuacha lugha yako kila siku ni kubwa kuliko biti chache unazoziokoa. Kwa shughuli nyeti, tumia Tor Browser, ambayo inaweza kuomba kurasa kwa Kiingereza.

Nimejipima, ikasema mimi ni wa kipekee. Nifanye nini?

Kipimo kilekile cha EFF, Panopticlick, sasa kinaitwa Cover Your Tracks, jina lilibadilishwa mwaka 2020. Linganisho lake ni la watu waliojipima hapo, si watu wote wa intaneti, na huenda wengi wao wako Marekani na Ulaya. Mtu wa Morogoro mwenye Infinix ataonekana nadra kuliko alivyo kweli.

Mtumiaji wa Brave naye hushtuka kuambiwa ni wa kipekee. Ni kweli, kwa sababu alama imetengenezwa upya kwa kelele. Angalia kama matokeo yanasema alama yako imechanganywa kinasibu. Ikiwa hivyo, ulinzi unafanya kazi.

Benki yangu inanisumbua kila nikiingia kwa Brave au Tor. Kwa nini?

Kwa sababu benki nazo husoma alama, na hapa nawaelewa. Mtu aliyeiba nenosiri lako akiingia kwa kifaa ambacho hakijawahi kuonekana, ni alama zinazoleta shaka na kukutumia ujumbe wa uthibitisho. Kwa benki tumia programu yao au kivinjari kimoja cha kawaida ambacho hukitumii kwa mengine. Wanajua wewe ni nani tayari. Kujificha kwao hakuna maana.

Sheria inasemaje? Na Google, si walisema wanalipinga?

Mwaka 2019 Google walisema hadharani kwamba kufuatilia watu kwa alama kunawanyima watumiaji hiari yao na si sawa. Desemba 2024 walitangaza sera mpya ya matangazo, iliyoanza 16 Februari 2025, isiyokataza tena jambo hilo kwa wanaotumia huduma zao. Mdhibiti wa data wa Uingereza alikosoa hatua hiyo kwa maneno makali. Miaka mitano tu imetosha.

Ulaya, kusoma taarifa za kifaa kwa ajili ya matangazo kunahitaji ridhaa sawa na vidakuzi. Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu kitambulisho cha mtandaoni miongoni mwa vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake. Malalamiko yapeleke huko. Ugumu ni ushahidi: kidakuzi unaweza kukionyesha, alama iliyochukuliwa haiachi kitu kwenye simu yako.

Mimi ni mwandishi wa habari, na nina mtu wa kumlinda. Haya yote yanatosha?

Kwako Brave haitoshi. Tumia Tor Browser, uipakue kutoka torproject.org au Google Play, si kwa kiungo ulichotumiwa WhatsApp. Usiingie humo kwenye akaunti yako yoyote yenye jina lako. Usifungue nyaraka ulizopakua ukiwa bado mtandaoni, kwa sababu faili la Word au PDF linaweza kuwasiliana na nje kwa njia isiyopita Tor. Kama simu yenyewe imewahi kushikwa na watu usiowaamini, usiitumie kabisa kwa kazi hiyo.

Kampuni ya simu haitaona unachosoma, ila inaweza kuona kwamba unatumia Tor, na laini za Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole vya mwenye laini. Ikiwa kuonekana tu unatumia Tor kunaweza kukuletea shida, ingia kwenye mipangilio ya muunganisho na uwashe madaraja ya Tor (njia za kuingilia zisizotangazwa hadharani) kabla ya kuunganisha kwa mara ya kwanza.